Mteja wa Ukurasa wa Mwisho

Mimi na dada yangu tunashona nguo katika chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu ambacho kila mteja anadai kinamnenepesha. Kioo hakina kosa. Dada ndiye fundi mkuu. Mimi ni mdogo wake kwa miaka tisa na kwa mambo mengine yote. Mtaani wanamwita Sentimita, kwa sababu ukiingia mlangoni tu ameshakijua kiuno chako, na ukijitetea kwamba siku hizi umepungua anakunyamazia mpaka uone haya mwenyewe. Hata hivyo, kila mtu anapimwa kwa tepu na kuandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kila mmoja na ukurasa wake: mabega, kifua, kiuno, urefu.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa natafuta vipimo vya mwalimu mkuu mmoja aliyetaka suti nyingine kama ile ya kwanza, ila pana zaidi, na hakutaka kupimwa tena. Nikapekua daftari mpaka mwisho. Katika ukurasa wa mwisho kabisa nikamkuta mteja asiye na jina. Hakuwa na mabega wala kiuno. Alikuwa na namba mbili tu, kulia na kushoto, zimeandikwa tarehe mosi ya kila mwezi, mstari chini ya mstari, kwa miaka minne. Juu kabisa: kulia 13, kushoto 13. Chini kabisa: kulia 13, kushoto 16 na nusu.

Nikajiuliza ni mtu gani huyu mwenye mkono mmoja unaonenepa peke yake.

"Dada, huyu mteja wa mwisho ni nani?"

Alikuwa amepiga magoti akipima pindo la gauni lililovalishwa sanamu. Alikuwa na pini nne mdomoni, zote upande wa kulia. Hakugeuka.

"Mimi," akasema.

"Wewe unashonewa nini?"

"Sishonewi. Ni kutoka sikioni mpaka kidevuni."

Akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye pindo, akasogea kidogo kuendelea na upande wa pili.

Hapa inabidi nirudi nyuma. Miaka mitano kabla ya siku ile, gego lake la chini upande wa kushoto lilianza kucheza. Daktari wa meno aliling'oa, lakini pengo likakataa kupona, basi akapiga picha na kukuta kitu kama mfuko mdogo ndani ya mfupa wa taya. Akaukwangua, akapeleka kipande maabara. Majibu yalipotoka tulikwenda watatu: dada, mimi na mama. Daktari akafungua bahasha, akasoma, akasema, "Si saratani, lakini…" Mama hakusubiri. Alianza kushukuru kwa sauti, akamshika daktari mikono yote miwili, akamwombea maisha marefu yeye na wazazi wake. Daktari alijaribu kumalizia. Nakumbuka alifungua mdomo mara mbili. Mwishowe akarudishiwa mikono yake, akaandika kwenye karatasi kwamba dada arudi baada ya miezi sita.

Dada hakurudi. Aliambiwa si saratani, na mtu asiye na saratani hana sababu ya kwenda kupanga foleni. Mwaka mmoja baadaye alihisi kwamba taya limejaa kidogo. Hakumwambia mtu. Akachukua tepu.

Mtaniuliza ilikuwaje mimi, ninayekaa naye chumba kimoja kutwa nzima, nisione. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nyinyi. Miaka miwili nyuma alihamisha cherehani yake akaiweka pembeni, ubavu wa kushoto ukutani, akasema anafuata mwanga. Mwanga haukuwa upande ule. Akaanza kujifunga mtandio na kuuteremsha begani kushoto. Mimi nakaa kulia kwake. Kwa miaka miwili niliongea na shavu moja tu, na shavu lile lilikuwa zima.

Nilimpigia shemeji, mume wake. Shemeji ni fundi wa breki za malori. Lori likipita barabarani anaweza kukuambia gurudumu lipi limechoka, tena akiwa ndani anakula. Alikuja na ovaroli lake, akasimama mbele ya mkewe.

"Mke wangu, hebu geuka."

Dada akageuka. Akauondoa mtandio mwenyewe. Chini ya sikio mfupa ulikuwa umevimba kama yai lililofichwa ndani ya ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa nzuri, laini, haina hata kipele. Shemeji akagusa kwa kidole kimoja, taratibu.

"Nilidhani unanenepa," akasema.

"Upande mmoja?" nikamuuliza.

"Nilidhani ameanza na huo."

"Inauma?" shemeji akamuuliza mkewe.

"Haiumi," dada akasema.

"Tangu lini?"

"Daftari hilo hapo."

Hospitali kubwa ina daktari wa mataya. Ni mwanamke mrefu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na anazungumza kama mtu anayesoma barua ya mwenzake, bila haraka na bila kuruka neno. Tulikwenda wanne, maana mama alikataa kubaki. Daktari alimpapasa dada nje na ndani ya mdomo, akatikisa meno matatu yaliyokuwa yanacheza, kisha akauliza, "Ulianza kuona uvimbe lini?"

Dada akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akalifungua ukurasa wa mwisho, akaliweka mezani.

Daktari alivaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, kuanzia juu.

"Wagonjwa wangu huniambia 'siku nyingi kidogo,'" akasema. "Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kuletewa kitu kama hiki."

Dada akainua kichwa kidogo, kama mtu aliyesifiwa.

"Ungeniletea miaka minne iliyopita ningekushukuru zaidi," daktari akamalizia.

Alichukua kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya maabara, na tuliporudi alibandika picha kwenye ubao wenye taa. Upande wa kulia mfupa ulikuwa mweupe, mzito, umenyooka. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa matundu meusi yaliyobanana, makubwa kwa madogo, kama povu la sabuni kwenye beseni. Kingo za mfupa zilikuwa zimebaki nyembamba kama ganda.

"Kwa hiyo si saratani," dada akasema.

"Kwa kipande nilichochukua juzi, si saratani," daktari akasema. "Lakini."

Akamtazama mama. Mama alikuwa ameshavuta pumzi. Nikamshika mkono.

"Lakini," daktari akarudia, "uvimbe huu unatokana na chembe zinazotengeneza meno. Kazi yao iliisha ulipokuwa mtoto. Kuna zinazobaki, na wakati mwingine zinaanza kukua bila kazi. Hausambai mwilini kama saratani. Unakula mfupa polepole, na kwa kawaida hauumi. Ukikwanguliwa, mara nyingi unarudi, kwa sababu unaacha vijizizi ndani ya mfupa ambavyo jicho halivioni. Ukiachwa miaka mingi, au ukirudi tena na tena, mara chache sana hubadilika ukawa saratani kweli. Si wengi wanaofika huko. Ila mimi siwezi kujua ni nani, na wewe pia huwezi."

Kisha akaeleza kazi yenyewe. Atakata kipande cha taya kutoka karibu na sikio mpaka karibu na kidevu, pamoja na sentimita moja na nusu ya mfupa mzima mbele ya uvimbe.

"Huo mzima una kosa gani?" mama akauliza.

Dada ndiye aliyemjibu. "Mama, ukungu ukiingia kwenye kitambaa, hukati pale unapouona. Unakata nje yake, maana umeshatembea."

Daktari alimtazama kwa muda. Nadhani alikuwa anaiweka akiba sentensi ile.

Pengo litajazwa kwa mfupa wa mguuni, ule mwembamba wa upande wa nje, chini ya goti. Mguu una mifupa miwili, akasema, na mwembamba haubebi uzito.

"Mguu upi?" dada akauliza.

"Kwa picha zako, wowote unafaa."

"Cherehani yangu naikanyaga kwa wa kulia. Chukueni wa kushoto."

Daktari akaandika: kushoto. Halafu akasema nafasi ipo baada ya wiki mbili.

"Haiwezekani," dada akasema. "Nina sare mia tatu za shule. Shule zinafunguliwa mwezi wa kwanza. Nitakuja mwezi wa pili."

Daktari akalivuta daftari, akaweka kidole kwenye mistari ya chini. "Hapa juu ulikuwa unachukua mwaka mzima kuongeza nusu sentimita. Hapa chini umechukua miezi mitatu. Kitu kilichokuwa kinatembea kikianza kukimbia, mimi sikipendi."

"Mwezi wa pili," dada akasema, akalifunga daftari na kulirudisha kwenye mfuko.

Wiki ile tulijaribu kila mmoja kwa njia yake. Mama alilia. Shemeji alimweleza kuhusu breki, kwamba hazikuambii siku zitakayokataa. Mimi nilipayuka. Dada hakubishana na mtu. Ukianza kusema, anakanyaga pedeli, na cherehani yake ina kelele.

Siku ya nane nilifanya jambo ambalo sikuwahi kudhani ningelifanya. Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, kuna fundi mwingine. Jina lake la mtaani ni Zipu, na aliyempa ni dada, baada ya zipu ya gauni alilolishona kupasuka bibi harusi akiwa amesimama mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hawakuwahi kusalimiana. Miaka tisa walikuwa wanafagia mbele ya milango yao wamepeana migongo. Dada alipokwenda kununua uzi, nilikodi mkokoteni, nikapakia vitambaa vyote vya sare, vilivyokatwa na visivyokatwa, nikavuka barabara.

Zipu alisimama mlangoni, tepu shingoni.

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Anajua?"

"Bado."

Nikamweleza yote, uvimbe, mfupa, mguu, wiki mbili ambazo sasa zilikuwa siku sita. Alisikiliza huku anapapasa kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta kasoro.

"Atanitukana," akasema.

"Atakutukana, ndiyo."

Akakikunjua kitambaa. "Kola za namna gani?"

"Za kulala. Mshono mara mbili."

"Ingiza ndani, mvua inakuja."

Dada aliporudi aliikuta meza ya kukatia ni tupu. Aliweka uzi juu yake. Akatazama chini ya meza, nyuma ya kioo, kisha akanitazama mimi.

"Viko wapi?"

"Ng'ambo."

Alitoka mpaka mlangoni. Kupitia dirisha la Zipu kilionekana kitambaa cha buluu kikipita chini ya sindano. Dada alisimama pale muda mrefu, kisha akarudi, akakaa, akavuta kiti. Hakuwa na kitu cha kushona. Hakunisemesha siku tatu. Maji akitaka anamwambia sanamu.

Siku ya nne nilimkuta amefunga begi. Ndani kulikuwa na kanga mbili, ndala, mswaki na daftari jipya.

"Walisema tarehe ngapi?" akaniuliza.

Upasuaji ulichukua saa kumi na moja. Mama alikaa kwenye benchi akiomba mdomoni bila sauti. Shemeji alistahimili saa mbili za kwanza. Kulikuwa na kitoroli cha dawa kilichokuwa kinapita kwenye korido, gurudumu lake la nyuma linalia, na kila kilipopita shemeji alikunja uso. Mara ya tano alimwomba muuguzi ruhusa, akakipindua, akatoa kisu mfukoni, akatoa nyuzi na nywele zilizojiviringisha kwenye ekseli. Baada ya hapo wauguzi walimletea vingine vinne. Mimi nilimshikia magurudumu. Sijawahi kumpenda shemeji yangu kama siku ile.

Tuliporuhusiwa kumwona dada, uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba kama si mikono yake nisingemtambua. Alikuwa na mpira puani wa kupitishia chakula na tundu shingoni la kupumulia. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji. Hakuweza kusema. Muuguzi alikuwa amempa kalamu na lile daftari jipya. Nilipoinama, aliandika neno moja: *Kola?*

"Zinakwenda vizuri," nikamwambia.

*Umekagua?*

Sikuwa nimekagua. Akafumba macho, na hata kwa uso ule niliiona dharau.

Siku ya tisa, saa ya kutazama wagonjwa, Zipu aliingia wodini. Alivaa nguo ya kutokea. Hakuleta matunda. Alileta shati moja la sare, limepigwa pasi, akaliweka juu ya shuka. Dada akalichukua. Akageuza kola, akavuta mshono kwa kucha, akalipindua ndani nje, akahesabu vifungo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kuzungumza. Kisha akaandika, akamgeuzia daftari: *Kola ya kushoto imepanda kidogo.*

Zipu akalitazama shati. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kweli," akasema.

Akavuta kiti, akakaa mpaka kengele ya wageni ilipolia. Sijui walichoandikiana. Nilitumwa kuleta maji.

Majibu ya maabara yalitoka wiki ya nne. Wakati huo dada alikuwa ameshatolewa mpira, anasema kwa shida lakini anasema, na anatembea na fimbo. Daktari wa mataya alitupokea wote wanne, akafunga mlango.

Akasema sehemu kubwa ya uvimbe ilikuwa ileile tuliyoijua, isiyo saratani. Lakini katika kona moja, upande wa sikio, walikuta sehemu yenye ukubwa wa kifungo cha shati ambayo ilikuwa imebadilika. Ile ilikuwa saratani. Ilikuwa ndiyo inaanza.

Mama aliishika mikono yake mwenyewe.

"Kingo za mfupa niliokata ni safi pande zote," daktari akaendelea. "Tezi za shingoni ni safi. Picha ya kifua ni safi. Hatuongezi tiba nyingine sasa. Utakuja kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita, kisha kila mwaka. Utaratibu huo wa kila mwaka hauna mwisho."

Shemeji alimwomba arudie, na alipomaliza, akamwomba arudie tena kuanzia kwenye kingo. Daktari alirudia mara zote mbili kwa maneno yaleyale.

"Je, kama angekuja mwezi wa pili?" shemeji akauliza.

"Sijui," daktari akasema. "Sibahatishi."

Dada alikuwa amekaa wima, kitambaa mkononi. Mshipa wa hisia wa mdomo wa chini ulikuwa umetoka pamoja na taya, kwa hiyo upande ule hahisi kitu, na inabidi ajifute kila mara asije akachuruzika mate bila kujua. Alijifuta mdomo. Kisha akajifuta macho kwa kitambaa kilekile, akakikunja mara nne.

Mimi nilitoka nje. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimwelekezee nani. Miaka minne mtu anachukua tepu, anafunga mlango, anajipima, anaandika, kesho yake anakuja kuniuliza kama nimekunywa chai. Na mimi namjibu nimekunywa.

Alirudi kazini mwezi wa tatu. Uso wake sasa umebonyea kidogo upande wa kushoto, na kovu linapita chini ya taya kama mshono wa mkono, mzuri, wa mtu aliyefundishwa vizuri. Yeye mwenyewe aliusifu. Hawezi tena kushika pini mdomoni; mdomo usiohisi hauaminiki. Anavaa kijimto cha pini kwenye kifundo cha mkono na anakichukia. Anatafunia upande wa kulia akisubiri meno ya bandia. Wateja wengine wanamtazama sana, wengine wanatazama dari, na wote anawapima kwa tepu ileile. Cherehani aliirudisha mahali pake pa zamani. Hakusema ni kwa ajili ya mwanga.

Mwaka ulipotimia, daktari wa mataya aliomba kuwaonyesha wanafunzi wake. Dada akakubali. Tuliingizwa chumba chenye vijana tisa waliovaa makoti meupe yaliyowazidi mabega. Daktari akaeleza: mgonjwa wa kike, miaka arobaini na saba, uvimbe wa taya la chini, ulikwanguliwa ukarudi. Dada alisikiliza habari zake kwa makini, kama za mtu wa mtaa wa pili. Daktari akawaambia kuhusu ukungu na kitambaa, na wanafunzi wakaandika. Kijana mmoja akauliza kama alikuwa na maumivu.

"Hapana," dada akasema. "Ningekuwa nayo ningekuja." Halafu akamwambia, "Koti lako lipunguzwe sentimita nne kila bega. Mikono unaikunja bure."

Kijana akashukuru. Naye akaandika.

Lifti ilikuwa mbovu, tukashuka kwa ngazi, ghorofa nne. Dada alitangulia, ameshika reli, anashusha mguu wa kushoto kwanza. Ghorofa ya pili akasimama kupumzika. Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini hakuniambia.

Alijifuta mdomo.

"Nilijua ungenipeleka hospitali."

"Ningekupeleka."

"Ndiyo hivyo."

Watu wawili wakapita na kiti cha magurudumu wamekibeba juu juu. Tukabanana ukutani kuwapisha, bega kwa bega, na walipokwisha kupita hakusogea.

"Nilikuwa nasubiri namba ya kushoto ifike kumi na saba," akasema. "Nilijiambia ikifika kumi na saba nitakuambia."

Nikamshika mkono, tukamalizia ngazi zilizobaki polepole, na nje jua lilikuwa kali, akataka soda baridi yenye mrija.